Kuishi Pamoja Wakati wa Kufungiwa: Mwongozo kwa Familia za Nairobi

Nairobi ilifungiwa mara mbili katika kipindi cha Korona. Mara ya kwanza ilianza jioni ya tarehe 6 Aprili 2020, Rais Uhuru Kenyatta alipopiga marufuku usafiri wa kuingia na kutoka jijini na viunga vyake, ikaendelea hadi mapema Julai. Mara ya pili ilianza mwishoni mwa Machi 2021, safari hii pamoja na kaunti za Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru, hadi tarehe 1 Mei. Kafyu ilikuwa imetangulia, tangu tarehe 27 Machi 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na ingawa saa zake zilibadilishwa mara kadhaa, haikuondolewa hadi tarehe 20 Oktoba 2021. Shule zilifungwa katikati ya Machi 2020, na watoto wengi hawakurudi darasani hadi Januari iliyofuata. Mchana watu wa mitaa mingi waliruhusiwa kutembea, lakini kazi zilikuwa zimepotea, matatu zilibeba abiria wachache kwa nauli ya juu, na kila jioni mlango ulifungwa familia nzima ikiwa ndani.

Mwongozo huu ni wa familia itakayojikuta tena katika hali kama hiyo. Msimamo wake ni kwamba sehemu kubwa ya ugomvi wa kufungiwa huanzia kwenye nafasi, saa na pesa, kisha ndipo unapoingia moyoni. Kwa hiyo mambo hayo matatu yapangwe kwanza, na mazungumzo ya hisia yafuate. Washauri wengi huanza upande wa pili, wakawaambia mume na mke waketi wasikilizane, ilhali wawili hao wameketi uso kwa uso tangu asubuhi na shida yao mojawapo ni hiyo.

Kabla ya yote: je, ni ugomvi au ni ukatili?

Swali hili hutangulia kwa sababu hatua nyingine zote zinachukulia kwamba kila mtu nyumbani yuko salama. Katika ugomvi, watu wanavutana, lakini kila mmoja bado anaweza kusema hapana bila hofu. Katika ukatili, mmoja anamwogopa mwenzake: anapigwa au kutishwa, analazimishwa kitandani, ananyang'anywa simu au kitambulisho, ananyimwa pesa ya chakula kama adhabu, au anazuiwa kuzungumza na ndugu zake. Sheria ya Kenya ya mwaka wa 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inahesabu vitisho na unyanyasaji wa kiuchumi kuwa ukatili, na inamruhusu aliyeathiriwa kuomba mahakamani amri ya kumlinda. Kafyu haisimamishi sheria hiyo. Kumshauri mke anayepigwa achague wakati mzuri wa kuzungumza na mumewe ni kumwongezea hatari, na yeyote aliye katika hali hiyo aziache hatua za baadaye na ashughulikie usalama wake.

Anza kwa kukariri nambari kichwani, kwa kuwa simu inaweza kuchukuliwa. Nambari 1195 hupokea simu za ukatili wa kijinsia usiku na mchana bila malipo, 116 ni ya watoto, na polisi wanapatikana kwa 999 au 112. Piga unapokwenda kuteka maji au kuanika nguo juu ya ghorofa, kisha ufute nambari hiyo kwenye orodha ya simu zilizopigwa. Patana na jirani mmoja unayemwamini juu ya ishara: ndoo nyekundu ikiwekwa nje ya mlango, au mtoto akitumwa kuomba kiberiti, jirani ajue kwamba anatakiwa kupiga simu. Kwa jirani huyo huyo weka mfuko wenye nakala za kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, nguo chache na pesa kidogo ya nauli. Kafyu huanza mapema, kwa hiyo amua mchana utalala wapi usiku endapo hali itaharibika. Mara nyingi nyumba iliyo ndani ya ploti hiyo hiyo hufaa kuliko ya dada aliye mbali, huko Rongai.

Ukifika kituo cha polisi, omba kuhudumiwa kwenye dawati la jinsia, hakikisha taarifa imeandikwa katika kitabu cha matukio (OB), na uondoke na nambari ya OB pamoja na fomu ya P3, ile ambayo daktari huandika majeraha yako, nayo hutolewa bure. Aliyebakwa aende hospitali kwanza, kabla ya kuoga na kabla ya kufua nguo alizovaa. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi huanzwa ndani ya saa 72 na za kuzuia mimba ndani ya saa 120, na katika zote mbili kuwahi ni bora. Hospitali ya Kenyatta na ile ya Mama Lucy Kibaki huwapokea waathiriwa, na Nairobi Women's Hospital ina kituo maalumu kwa ajili yao.

Jirani naye ana sehemu yake. Katika ghorofa za Pipeline au Huruma, ukuta hauzuii sauti, na kila aliye kwenye ushoroba husikia. Si lazima uingie katikati. Kubisha hodi na kuuliza kama maji yamerudi kunatosha kuushusha mkono uliokwisha kuinuliwa, kisha piga simu ukiwa kwako.

Gawa chumba, kisha gawa saa

Chukua chumba cha futi kumi kwa kumi, cha aina iliyo ya kawaida katika mitaa mingi ya Mashariki ya jiji. Kitanda kiko nyuma ya pazia, makochi mawili yamebanwa na meza, meko ya gesi iko karibu na mlango, mitungi ya maji imepangwa chini ya kabati la vyombo. Siku za kawaida chumba hiki kinatosha kwa sababu watu watano hawakai humo kwa pamoja isipokuwa usiku. Wakikaa humo tangu asubuhi, kila tendo la mmoja linamgusa mwingine: anayepika anamfukiza anayesoma, anayesikiliza redio anamwamsha aliyetoka zamu ya usiku.

Kwa kuwa chumba hakiwezi kuongezwa, kinachogawanywa ni saa. Keti na wote wenye umri wa kuelewa, mwandike kwenye karatasi ni nani anatumia meza saa ngapi, simu yenye bando iko kwa nani na hadi lini, redio au televisheni inafunguliwa na kuzimwa saa ngapi, na nani anateka maji siku ambazo mfereji unatoka. Karatasi hiyo ibandikwe kwenye mlango wa kabati. Faida yake ni kwamba mtoto akimnyang'anya mwenzake simu, mzazi haombwi kuamua nani anapendwa zaidi. Anaelekeza tu kidole kwenye karatasi.

Katika ratiba hiyo, tenga zamu ya upweke kwa kila mtu mzima, nusu saa au zaidi nyuma ya pazia au juu ya ghorofa kwenye kamba za nguo, na katika muda huo asiitwe kwa jambo lisilo la dharura. Mama ndiye anayeikosa kwa urahisi zaidi, kwani hata akijilaza huulizwa chumvi iko wapi. Kwa hiyo zamu yake iandikwe ya kwanza, na baba awe ndiye anayewajibu watoto katika nusu saa hiyo. Mume na mke nao wanahitaji muda wa faragha, jambo ambalo familia nyingi za chumba kimoja hulinyamazia hadi linageuka kuwa hasira isiyojulikana chanzo. Kuwapa watoto saa moja ya kucheza mbele ya nyumba, chini ya macho ya jirani, kila siku kwa wakati uleule, ni suluhisho la zamani na linafaa bado.

Anayefanya kazi nyumbani kwa kompyuta huko Donholm au Kilimani ana chumba cha ziada, lakini ana tatizo lake: familia inamwona yupo na kumbe hayupo. Afunge kazi saa iliyotajwa, aondoe kompyuta mezani, na asijibu barua pepe wakati wa chakula cha jioni.

Weka pesa mezani

Hapa ndipo nyumba nyingi zilipotikisika. Nafuu zilizotangazwa mwaka wa 2020 zilikuwa za kweli: mshahara usiozidi shilingi 24,000 uliondolewa kodi, ushuru wa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ulishuka kutoka asilimia 16 hadi 14, na kutuma hadi shilingi 1,000 kwa simu kulikuwa bure. Lakini dobi, mjenzi wa kibarua na kondakta hawakuwa na hati ya mshahara ya kupunguziwa kodi. Wao walirudi nyumbani mikono mitupu, na mtu aliyerudi mikono mitupu hupata shida kusema amepata nini. Hunyamaza, mwenzake akafasiri kimya hicho kuwa pesa imefichwa au inakwenda kwa mtu mwingine wa nje.

Dawa yake ni kikao kifupi cha pesa mara moja kwa wiki, siku ileile, mchana, baada ya kula. Kikao kisizidi nusu saa na kisiwe na mashtaka ya wiki zilizopita. Andikeni safu tatu: tulichonacho mkononi na kwenye simu, tunachotarajia wiki hii, na tunachodaiwa. Safu ya tatu ndiyo ngumu, kwa sababu mikopo ya simu huchukuliwa kimyakimya, Fuliza ya mia tatu hapa, programu nyingine ya elfu mbili pale, deni la mama mboga ambalo mume hajui, deni la rafiki wa kazini ambalo mke hajui. Yote yatajwe siku ya kwanza, na kila mmoja aahidi kutomsimanga mwenzake kwa kilichotajwa siku hiyo. Mazungumzo yenyewe yanaweza kwenda hivi:

“Mama Amina, tangu Jumatatu nimepata mia saba tu. Kodi siioni.”

“Afadhali umesema mapema, Baba Amina. Unga upo wa siku tatu, na mafuta yanatosha. Mimi pia nina deni la mia nne kwa Mama Mboga, sikutaka kukuongezea mawazo.”

“Basi hizo mia saba ni za chakula. Mwenye nyumba nitampigia kesho asubuhi kabla hajaja yeye.”

Angalia kilichotokea hapo: kiasi kimetajwa, deni lililofichwa limetoka bila kelele, na kila jambo limepata mwenyewe. Utaratibu wa kulipa uwe chakula na dawa kwanza, kisha maji na gesi au makaa, kisha sehemu ya kodi, na bando na mikopo ya simu mwisho. Sodo za wasichana zihesabiwe pamoja na chakula. Msichana asiyepewa pesa ya sodo nyumbani ataipata kwingine, na anayempa huko nje hatoi bure.

Kwa mwenye nyumba, tangulia kuwasiliana naye, toa kiasi fulani hata kama ni kidogo, na muafikiane kwa ujumbe wa maandishi ili kuwe na kumbukumbu. Usiahidi tarehe usiyoiamini. Wenye nyumba nao hutofautiana, wapo waliosamehe miezi na wapo waliong'oa milango na mabati. Hao wa pili hawana ruhusa ya kumtoa mpangaji kwa mabavu bila amri halali, na chifu ndiye wa kwanza kuarifiwa.

Mwisho wa kikao, kila mtu mzima apewe kiasi kidogo cha kutumia bila kuulizwa, hata kama ni shilingi hamsini. Mwanamume aliyezoea kuondoka nyumbani alfajiri na kurudi na kitu mkononi hujiona hana nafasi anaposhinda kwenye kochi, na kuulizwa juu ya kila shilingi humkumbusha hilo. Mpeni pia kazi inayoonekana: kuteka maji, kuwafundisha watoto hesabu, kupika chakula cha mchana. Atakayesema kwamba kupika si kazi ya mwanamume aulizwe ni nani anayepika katika vibanda vya nyama choma vya jiji hili.

Watoto hawahitaji mwalimu, wanahitaji utaratibu

Mwaka wa 2020 Taasisi ya Kukuza Mitaala ilirusha masomo kwa redio na televisheni, na wazazi wengi walijilaumu kwa kushindwa kuyafuata kama darasa kamili. Kwa mtoto wa shule ya msingi, saa mbili za masomo asubuhi, pamoja na kusoma kwa sauti jioni, zinatosha kabisa kuzuia akili isilale. Mzazi asiyemudu Kiingereza au hesabu za darasa la saba anaweza kumwambia mtoto amweleze alichojifunza. Mtoto anayeeleza hujifunza mara ya pili.

Wasiwasi wa mtoto hauji kwa maneno. Aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani huanza tena, mwingine humng'ang'ania mama hata anapokwenda msalani, mwingine hulalamika tumbo kila usiku. Asichapwe kwa hayo. Ibara ya 29 ya Katiba ya 2010 inamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko, na zaidi ya sheria, kiboko huongeza hofu ileile iliyoleta tatizo. Mweleze ugonjwa kwa ukweli unaolingana na umri wake, nini kinafanywa nyumbani ili kuuepuka, na nani atabaki naye endapo mama atalazwa. Swali hilo la mwisho watoto wengi hulibeba bila kuliuliza. Kila mtoto apate dakika chache za mzazi peke yake kila siku, hata kama ni wakati wa kupeta mchele. Kazi za nyumba zigawiwe wavulana na wasichana sawasawa, la sivyo binti ndiye atakayegeuzwa yaya wa nyumba nzima na masomo yake yakafa hapo.

Kijana wa miaka kumi na sita ni shughuli nyingine. Hulala mchana, huamka usiku na simu, hujibu kwa neno moja. Msikimbilie kuita kiburi. Amepoteza marafiki, mpira, na huenda mtihani, na chumba hakina pembe anayoweza kuiita yake. Mpeni jukumu la kweli, kama kusimamia maji au kuandika hesabu za kikao cha pesa, na mpatane naye saa ya kuzima simu badala ya kumnyang'anya. Wakati wa kafyu mweleze waziwazi kwa nini hatoki baada ya saa iliyowekwa. Katika siku za mwanzo za kafyu ya 2020 polisi walitumia nguvu mitaani, na mvulana wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya kwao huko Kiamaiko.

Kugombana kwa utaratibu

Hata nyumba iliyopangwa vizuri itagombana. Kinachowezekana ni kuuwekea ugomvi mipaka kabla haujaanza. Jambo moja kwa wakati mmoja: ukizungumzia maji yaliyomwagwa, usiingize harusi ya mwaka juzi. Jambo zito lisifunguliwe usiku, kwani baada ya kafyu hakuna pa kwenda kupoza hasira, wala lisifunguliwe kabla ya kula. Anayeona sauti yake inapanda aombe mapumziko na ataje muda wa kurudi: “Nipe nusu saa, nikaoshe vyombo, kisha tutaendelea.” Kuondoka bila kutaja muda huonekana dharau, na aliyeachwa huendelea kugombana peke yake moyoni.

Chagueni msuluhishi mapema, mkiwa mna amani, na awe mmoja: msimamizi wenu wa ndoa, shangazi mwenye busara, mchungaji au imamu anayejua kutunza siri. Anaweza kuwasikiliza kwa simu, kila mmoja kwa zamu. Kupeleka ugomvi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ni kosa, kwa sababu nyinyi mtapatana Alhamisi na shangazi wa Kakamega ataendelea kukasirika hadi Krismasi.

Habari, pombe na usingizi

Taarifa za ugonjwa zisikilizwe mara moja kwa siku kutoka chanzo rasmi. Mwaka wa 2020 Wizara ya Afya ilisoma idadi ya wagonjwa karibu kila alasiri, na nyumba iliyoisikiliza kisha ikazima redio ilipata usingizi kuliko ile iliyosambaziana sauti za kutisha usiku kucha. Baa zilipofungwa, unywaji ulihamia nyumbani mbele ya watoto. Anayekunywa na apunguze kiasi na asifungue mazungumzo yoyote ya pesa akiwa amelewa.

Mtu akikosa usingizi kwa majuma, akaacha kula au kusema kwamba afadhali asingekuwepo, hilo si la kusuluhishwa na kikao. Asiachwe peke yake, dawa na sumu za wadudu ziondolewe nyumbani, na msaada utafutwe siku hiyo. Shirika la Msalaba Mwekundu hupokea simu za ushauri nasaha bila malipo kwa 1199, na Hospitali ya Mathari huwahudumia wenye matatizo ya akili.

Waliokwama, na walio mbali

Shemeji aliyekuja Nairobi kwa siku mbili na akakuta njia zimefungwa ni mgeni kwa juma moja. Baada ya hapo ahesabiwe kuwa mmoja wa nyumba, aingie kwenye karatasi ya zamu na kikao cha pesa. Mfanyakazi wa nyumbani anayetakiwa kulala kwa mwajiri ili asilete maambukizi ana haki ya siku ya kupumzika, na aachwe awapigie watoto wake kila jioni. Kwa wazee walio mashambani, wekeni siku na saa ya kupiga simu, na ndugu wachangie matumizi yao kwa kiasi kilichotajwa, ili asiyetuma ajulikane na asiyeweza asisemwe. Kukitokea msiba na mazishi yakahudhuriwa na wachache, orodha ya watakaosafiri iamuliwe na mtu mmoja aliyekubaliwa na wote.

Jipangeni pia kwa dharura ya usiku. Mwezi Aprili 2020 daktari wa Nairobi, Jemimah Kariuki, alianzisha huduma ya Wheels for Life ya kuwasafirisha wajawazito saa za kafyu, baada ya kuona wengi wakichelewa kufika hospitalini. Kila nyumba yenye mjamzito, mzee au mgonjwa wa pumu iwe na nambari ya dereva jirani aliyekwisha kuulizwa na kukubali.

Siku amri inapoondolewa

Ugomvi mwingine huzuka mlango unapofunguliwa, kwa sababu kila mmoja anataka kukimbilia alichokosa. Fanyeni kikao cha pesa kabla ya mtu yeyote kupanda basi la kwenda mashambani, mkiwa na orodha ya madeni mkononi: kodi iliyobaki, mikopo ya simu, mama mboga, karo. Mama mboga alipwe wa kwanza, kwa sababu ndiye aliyewalisha, na ndiye mtakayemhitaji tena. Watoto warudishwe kwenye saa za shule majuma mawili kabla ya shule kufunguliwa, na msichana au mvulana anayesita kurudi aulizwe sababu taratibu na mzazi mmoja, faraghani. Karatasi ya zamu msiibandue bado; iacheni hadi muhula wa kwanza uishe, mkifuta tu yale ambayo hayahitajiki tena.